Kuingia Si Kubebeka

Kila mwaka ifikapo Pasaka, barabara zinazoelekea Moab, mji mdogo wa jimbo la Utah, hujaa magari yaliyonyanyuliwa. Mkusanyiko wa Easter Jeep Safari umekuwa ukifanyika huko tangu 1967, na wenye magari hutoka Colorado, California, Arizona na mbali zaidi ili kupanda miamba myekundu inayouzunguka mji huo. Gari la kazi hiyo si rafiki wa barabara kuu: matairi ya inchi 37 hunguruma, usukani hutangatanga, mafuta hunywewa bila huruma, na ekseli ikikatika porini mwenyewe atahitaji namna ya kulirudisha nyumbani. Kwa hiyo gari hubebwa. Wapo wanaolipandisha juu ya trela la wazi. Wapo wanaolivuta nyuma ya basi la kulala likitembea kwa magurudumu yake manne. Wapo pia wanaoliingiza ndani ya trela la kambi lenye gereji, yaani nyumba ya magurudumu ambayo mbele ina kitanda, jiko na choo, na nyuma ina ukumbi mtupu wenye mlango mkubwa unaoshuka na kuwa daraja la kupandia. Miaka niliyokaa nyuma ya usukani nikivuta mizigo ya namna hii Magharibi mwa Marekani imenipa msimamo ninaotaka kuutetea hapa. Kwa gari kubwa lililonyanyuliwa, swali ambalo wanunuzi huanza nalo, kwamba litaingia au halitaingia, ndilo dogo kuliko yote. Linaloamua ni uzito wake na mahali uzito huo unapokaa, na mara nyingi jibu la haki ni kwamba gari hilo lisiingizwe humo kabisa.

Nianze na nafasi, kwa kuwa ndiyo inayoshika macho. Jeep Wrangler ya milango minne, toleo la Rubicon la kizazi cha sasa, ina urefu wa karibu mita 4.79, na kimo chake pamoja na upana wake ni karibu mita 1.87 kila kimoja kabla ya kuguswa na fundi. Mwenyewe akiliondolea matairi ya inchi 33 na kuliwekea ya inchi 37, ekseli hupanda kwa kiasi cha sentimita 5. Akiongeza springi ndefu za sentimita 9, paa hufika mita 2. Rimu zinazotokeza nje huongeza upana hadi kwenye mita 2 pia. Sheria ya shirikisho inaruhusu trela liwe na upana wa nje wa mita 2.6, na ukiondoa kuta na makabati hubaki ndani mita 2.4 hivi. Maana yake ni kwamba kila ubavu wa gari hubakiwa na sentimita 20, nafasi isiyomtosha dereva kufungua mlango na kushuka. Wenye Wrangler wana bahati, maana milango yake imeundwa kung'olewa, na wengine hulivuta gari ndani kwa winchi bila mtu kukaa kwenye usukani. Vitanda vya gereji, ambavyo hupandishwa darini kwa mota wakati wa safari, hula kimo. Urefu ndio mgumu zaidi: gereji nyingi zina mita 3.6 hadi 4.2, na hata Wrangler ya milango miwili, pamoja na tairi la akiba lililoning'inia nyuma, hufika mita 4.24. Haya yote hupimwa kwa futi ya mkononi uani kwa muuzaji, na yakikubali, mnunuzi hupeana mikono na muuzaji akiamini kazi imekwisha.

Haijaanza. Uzito hauonekani kwa macho, na futi haiupimi. Pembeni mwa mlango wa trela hubandikwa karatasi inayotaja uzito wa juu wa mzigo linaloruhusiwa kubeba, na kwenye karatasi hiyohiyo kuna tahadhari kwamba tangi la maji likijaa, maji hayo yanahesabiwa kuwa mzigo. Wengi husoma tarakimu ya kwanza tu. Tuchukue trela ambalo kibandiko chake kinaruhusu kilo 1,800, kiasi ambacho si cha ajabu kwa matrela ya ukubwa wa kati. Rubicon ya milango minne hutoka kiwandani ikiwa na kilo 2,000 hivi. Hata ile ya milango miwili haipungui sana, na ikishavishwa bampa za chuma, winchi, ngao za tumboni, matairi makubwa na sanduku la vifaa, tuseme imefika kilo 2,100. Sasa ongeza tangi la maji la lita 380, kwa kuwa jangwani hakuna bomba: kilo 380. Matrela haya huwa na tangi la petroli la kujazia magari ya michezo. Lita 115 za petroli ni kilo 85. Chakula, nguo, vyombo na zana za watu wanne kwa juma moja ni kilo 150 bila kujibana. Jumla ni kilo 2,715. Trela limezidishiwa zaidi ya kilo 900, na hakuna kilichogusa ukuta wala dari. Gari limeingia vizuri kabisa.

Tuseme sasa kwamba mnunuzi ni mwangalifu na amepata trela linaloruhusu kilo 3,000. Bado sijaridhika, kwa sababu kilo 2,100 zilizo mahali pamoja si sawa na kilo 2,100 zilizotawanywa. Mzigo wa kawaida wa kambi hutawanyika: maji chini ya sakafu, vyombo kabatini, nguo chini ya kitanda. Gari ni donge moja, na gereji iko nyuma, mara nyingi yote nyuma ya ekseli. Trela ni mzani unaoegemea magurudumu yake. Ukiweka uzito nyuma ya ekseli, mbele hunyanyuka, na kile kinachopaswa kukandamiza kiungio cha pikapu hupungua. Kwa trela linalofungwa kwenye ndoano ya nyuma ya pikapu, wataalamu hutaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela iwe inaelemea kiungio. Kwa lile kubwa linalokaa juu ya bodi la pikapu kama semitrela linavyokaa kwenye kichwa chake, hutakiwa asilimia 15 hadi 25. Chini ya hapo, mkia wa trela huanza kuongoza safari.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningependa msomaji aifanye pamoja nami. Chukulia trela la aina ya semitrela lenye uzito wa kilo 6,000 kabla ya kupakiwa gari, na kilo 1,500 kati ya hizo zinaelemea pikapu, yaani asilimia 25. Kutoka kwenye kiungio hadi katikati ya ekseli ni mita 8. Ingiza gari la kilo 2,000 ambalo kitovu cha uzito wake kinakaa mita 2 nyuma ya ekseli. Zidisha 2,000 kwa 2, gawa kwa 8: kiungio kinapoteza kilo 500. Sasa trela zima lina kilo 8,000 na linaelemea pikapu kwa kilo 1,000 tu, sawa na asilimia 12.5. Limeshuka chini ya mpaka. Lisogeze gari lilelile mbele kwa sentimita 80, kitovu chake kiwe mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kiungio kitapoteza kilo 300 badala ya 500. Utabaki na kilo 1,200, asilimia 15 kamili. Sentimita 80 ndizo zinazotenganisha trela linalofuata na trela linalochapa mkia. Katika trela lenye gereji iliyofungwa kwa ukuta, sentimita hizo hazipo: gari limeshagusa ukuta na tairi la akiba limeshagusa mlango. Ndiyo maana nasema kipimo cha futi hudanganya hata kinapokuwa sahihi. Kinakwambia gari linatosha, lakini hakikwambii kwamba kutosha kwenyewe, bila ziada, ndiko kunakoondoa uwezo wa kulisogeza.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, na hapa lazima niwatendee haki. Matrela ya gereji hupangwa makusudi yawe mazito mbele yakiwa matupu, ili gereji ikijaa uzito urudi kwenye kiasi. Lakini mpango huo unazaa tatizo lake upande wa pikapu. Pikapu nyingi za dizeli za daraja la kati, zile zenye matairi mawili tu nyuma, hubakiwa na uwezo wa kubeba karibu kilo 900 hadi 1,100 juu ya magurudumu yake. Trela letu la mfano, likiwa tupu, linailalia kwa kilo 1,500, na bado hujaweka abiria wala chuma cha kiungio chenyewe. Kwa hiyo mtu huyohuyo huendesha pikapu iliyolemewa anapolitoa trela dukani, kisha huendesha trela lenye mkia mzito anapokwenda Moab, na katika safari zote mbili tangazo la nguvu ya kuvuta lilimwambia kwamba ana nguvu za ziada. Nguvu ya kuvuta haikuwa tatizo tangu mwanzo. Injini za siku hizi huvuta chochote. Kinachozidiwa ni ekseli, matairi, springi na breki, vitu ambavyo havipigi kelele hadi siku vinapokata tamaa.

Barabara za Magharibi hazisamehi mkia mzito. Anayetoka Denver kwenda Moab kwa Interstate 70 hupita handaki la Eisenhower kwenye kimo cha karibu mita 3,400 juu ya bahari, na akitokeza upande wa magharibi huteremka kuelekea Silverthorne kwa mwinamo wa asilimia 7. Kwenye mteremko trela husukuma badala ya kuvutwa, na trela linalosukuma huku kiungio kikiwa chepesi hutafuta njia ya pembeni. Interstate 80 katika jimbo la Wyoming hufungwa mara kwa mara kwa magari mepesi yenye kimo kirefu kwa sababu ya upepo, na trela la gereji ni ukuta wa urefu wa mita 12 kwa kimo cha mita 3 na zaidi. Upepo ukilipiga ubavuni, kinachokinza ni matairi na kiungio. Kiungio kikiwa chepesi, unabaki na matairi peke yake. Kuyumba huko hukua kwa kasi: mtikisiko ambao kwenye kilomita 80 kwa saa hujifia wenyewe, kwenye kilomita 110 waweza kukua kila unaporudi. California inawalazimisha wote wavutao trela wasizidi maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89, na wengi huiona sheria hiyo kuwa ya kuchosha. Mimi naiona ya busara, na huifuata hata nje ya jimbo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya asilimia hailioni, nalo ni kimo cha uzito wenyewe. Gari lililonyanyuliwa si refu tu. Bodi lake, injini yake na paa lake vimepandishwa sentimita 14 juu ya pale mhandisi alipoviweka, na springi zake ni ndefu na laini ili gurudumu lipate kushuka shimoni na kupanda jiwe. Ulaini huo ni sifa porini. Ndani ya trela ni balaa, kwa kuwa bodi hupepesuka juu ya magurudumu yaliyotulia. Hapa ndipo namna ya kufunga inapoamua mambo. Anayepitisha mikanda kwenye chesesi na kuivuta chini hadi springi zibonyee huamini kwamba amekaza. Trela likipiga tuta, springi hubonyea zaidi, mkanda hulegea kwa nukta moja, na ndoano yaweza kuchomoka. Anayefunga ekseli au magurudumu yenyewe hulishika gari mahali ambapo halipandi wala halishuki, na kuliachia bodi lipumue. Lakini basi lazima awe na nafasi juu ya paa na kando ya kuta, maana bodi litakwenda huku na huko safari nzima. Mimi nachagua ekseli daima. Sentimita 20 za ubavuni, zilizoonekana kutosha gari lilipokuwa limesimama, hupungua gari linapopepesuka, na ndiyo sababu makabati ya gereji huonekana yamekwaruzwa kwenye usawa wa vioo vya pembeni.

Kanuni za shirikisho za malori ya biashara hutaka gari lisilozidi uzito wa pauni 10,000, yaani kilo 4,500 na kidogo, lifungwe mbele na nyuma kwa angalau mikanda miwili, na ufungaji mzima uhimili msukumo wa mbele wa asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na wa nyuma na ubavuni wa asilimia 50. Mtu anayekwenda likizo halazimishwi na kanuni hizo, ila breki ya ghafla haitofautishi likizo na biashara. Kwa gari la kilo 2,100, asilimia 80 ni sawa na kuning'iniza kilo 1,680 kwenye mikanda ya nyuma. Mkanda unaoshuka kwa pembe ya nyuzi 45 hutoa kwa upande huo kiasi cha asilimia 70 tu ya nguvu yake. Tena mkanda una thamani ya pete uliyofungwa, na pete za sakafuni za trela la gereji hazilingani: nyingine zimeungwa kwenye chuma cha chesesi, nyingine zimepigiliwa kwenye mbao za sakafu kwa ajili ya pikipiki. Kwa macho zinafanana. Kabla ya kununua, ingia chini ya trela kwa tochi uone kila pete imeshikwa na nini. Mbele ya gereji hiyo kuna ukuta mwembamba wa mbao, na nyuma ya ukuta huo kuna jiko. Hakuna kitu humo cha kulizuia gari la tani mbili likiamua kwenda mbele.

Pingamizi la kwanza ninalolijua ni kwamba watu wengi hufanya hivyo na hufika salama. Ni kweli. Tembelea Johnson Valley huko California wakati wa mashindano ya King of the Hammers, yaliyoanza 2007, na utaona matrela ya gereji yametanda kwenye ziwa kavu kama kijiji. Lakini kufika salama kunathibitisha tu kwamba siku ile upepo haukuvuma na hakuna aliyekatiza mbele. Zaidi ya hayo, hao waliofika hawajui walibeba nini. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita mizani ya Vigwaza apende asipende, na Waswahili wengi wanaoendesha malori Marekani wanazijua vilevile mizani za huko. Trela la kambi la mtu binafsi, katika majimbo mengi, halilazimishwi kusimama. Mzigo wa kibiashara unapimwa na serikali. Mzigo wa likizo, ambao mara nyingine ni mzito kuliko lori dogo na unaendeshwa na mtu anayevuta trela mara chache kwa mwaka, unaachiwa dhamiri ya mwenyewe. Ushuhuda wa mtu ambaye hajawahi kupima siwezi kuuchukua kuwa ushahidi wa uzito.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la teknolojia. Pikapu za kisasa zina kompyuta zinazohisi trela likiyumba na kuikamata breki ya gurudumu moja moja. Yapo pia matrela yenye mfumo wake wenyewe wa aina hiyo, na viungio vyenye vyuma vya kukinza kuyumba. Sivibezi. Vimeokoa watu. Ila vyote hufanya kazi baada ya tatizo kuanza, na vyote hutegemea tairi lenye mshiko wa kutosha barabarani. Trela lililozidishiwa kilo 900 limeshatumia akiba ya matairi yake. Ukiliomba breki ya ghafla kwenye mteremko wa joto, unaliomba kile ambacho limekwisha kutumia. Mfumo wa kukinza kuyumba ni wa siku ya bahati mbaya. Anayeutegemea kila siku ili afidie upakiaji mbaya amejinyima kinga ya siku hiyo.

Wengine hunijibu kwa hoja ya wizi, mvua na chumvi ya barabarani: gari lililofichwa ndani halionekani hotelini wala kituo cha mafuta, na asubuhi halijafunikwa na theluji. Hoja hiyo naikubali bila shaka. Ni faida halisi ambayo trela la wazi halina. Naomba tu iwekwe kwenye mzani mmoja na gharama zake za ndani. Gari likiwa gerejini, gereji si chumba tena: vitanda vya nyuma havishuki, na katika matrela mengi njia ya kufika jikoni au chooni wakati wa mapumziko huzibwa. Watu hulala hatua chache kutoka kwenye tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa na hutambaa palepale. Ndiyo sababu gereji hizi hutobolewa matundu ya hewa ukutani, na ndiyo sababu kuyaziba matundu hayo kwa ajili ya baridi, jambo linalofanywa na watu wenye akili timamu usiku wa jangwani, ni kosa la hatari. Gari lishushwe kabla ya mtu yeyote kulala, hata kama kesho ni safari tena, na matundu yabaki wazi.

Wala si kwamba mbadala hakuna. Wrangler ni mojawapo ya magari machache ambayo kiwanda chenyewe huruhusu yavutwe magurudumu yote manne yakiwa chini, kwa kuwa gia yake ya kugawa nguvu ina nafasi ya kuachia kabisa. Nyuma ya basi la kulala, gari hilo halilalii kitu chochote, hujibeba lenyewe. Hata hapo kunyanyuliwa kuna deni lake: mhimili wa kuvutia hutakiwa uwe karibu sambamba na ardhi, na gari lililopandishwa sentimita 14 huuinamisha mpaka uongezewe kipande cha kusawazisha, na majimbo mengi hutaka gari linalovutwa liwe na breki zake. Njia ya pili ni pikapu yenye chumba cha kulala juu ya bodi lake, ikivuta trela la wazi la chuma. Humo gari unaweza kulisogeza mbele au nyuma kwa sentimita 10 mpaka uzito ukae sawa, sakafu iko chini, upepo hupita, na pete unaziona zote. Njia zote mbili hazipendezi kwenye picha kama nyumba inayofungua mlango na kutema Jeep. Ninazipendelea hata hivyo.

Trela la gereji lina kazi yake halali, na nisingependa msomaji adhani nalilaumu kwa kuwapo. Liliundwa kwa ajili ya pikipiki na vile vigari vya wazi vya jangwani kama Polaris RZR na Can-Am Maverick, ambavyo vingi havifiki nusu ya uzito wa Wrangler iliyovishwa chuma. Viwili vyake vikipangwa kwa kufuatana, uzito hutawanyika na hesabu ya kiungio hukaa. Kwa gari kamili lililonyanyuliwa, nalikubali kwa masharti tu: liwe fupi, gereji iwe ya wazi hadi jikoni ili gari lisogezwe mbele, kibandiko kiruhusu mzigo wote pamoja na maji, mvutaji awe pikapu yenye matairi manne kwenye ekseli ya nyuma, na daraja la mlango liwe na uwezo ulioandikwa unaozidi uzito wa ekseli moja ya gari hilo. Sharti moja likikosekana, mengine hayalifidii.

Na yote haya yathibitishwe kwa mizani, si kwa maneno ya muuzaji wala ya mwandishi. Vituo vikubwa vya malori kote Marekani vina mizani za CAT Scale, ambazo hutoa karatasi yenye uzito wa ekseli za mbele za mvutaji, za nyuma, na za trela, kila moja peke yake. Pima pikapu ikiwa peke yake na watu wako ndani. Pima tena ikiwa na trela tupu. Kisha pakia gari, jaza maji, funga mikanda kama ya safari, na upime mara ya tatu. Uzito ulioongezeka juu ya ekseli za pikapu kutoka kipimo cha kwanza ndio unaoelemea kiungio. Ugawe kwa uzito wa trela lote, yaani huo ukijumlishwa na ule wa ekseli za trela, nawe utajua asilimia yako. Ikiwa chini ya 15 kwa trela la aina ya semitrela, au chini ya 10 kwa lile la ndoano, usiondoke hapo kituoni kabla hujasogeza gari au kulishusha. Na ikiwa muuzaji hataki kukuruhusu ufanye vipimo hivyo kabla ya kulipa, tafuta muuzaji mwingine.